Nimemrithisha Mbwa Mdogo Jina la Marehemu

Iyula, Mbozi
14 Juni 1954

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa kwetu wameshacheka vya kutosha, na kama shida yangu ingekuwa ya kuponywa kwa kuchekwa ningekuwa nimepona tangu Pasaka. Mimi ni mama wa watoto watano, darasa langu ni lile la ubatizo tu, kusoma na kuandika nilijifunzia hapohapo, kwa hiyo herufi zangu zikipanda mlima na kushuka wewe zifuate polepole, utafika.

Mwanangu wa kwanza, Lusubilo, yuko Kopabeti kwenye migodi ya shaba, huu mwaka wa nne. Alipoondoka alituachia mbwa wake anaitwa Karani. Jina alimpa mwenyewe, kwa sababu tangu udogo wake yule mbwa hakupenda kazi ya jua, sisi tukichuma kahawa yeye anakaa kivulini anatutazama mmoja mmoja kama anatuandika. Siku ya safari Karani alimsindikiza mwenzake mpaka barabara kubwa ya kwenda Tunduma, lori likaondoka, mbwa akakaa kwenye vumbi mpaka jua likapoa, ndipo akarudi peke yake, akaingia jikoni akajilaza juu ya miguu yangu, na tangu siku ile hapo ndipo palikuwa pake. Sikumwita. Alijipangia mwenyewe, kama makarani wote.

Basi Karani amekufa. Na namna alivyokufa ndiyo sijamwambia mtu, hata Baba Lusubilo, nakuambia wewe kwa kuwa hunijui. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua haikati, na Mzee Ambilikile, mzee wetu wa kanisa, alikuwa anakuja kututembelea na kutuombea. Mzee Ambilikile, Mungu amzidishie, hataki mbwa karibu na suruali yake, ile ya kaki, anaitunza kuliko anavyotutunza baadhi ya waumini. Nikamwambia Karani toka. Akanitazama kwa lile jicho lake moja lililokuwa linaona bado. Nikamwambia toka, mzee mzima huna haya, nikachukua mwiko nikampiga nao mgongoni, mwiko una ugali bado. Hakulia. Akanyanyuka na mguu wake wa kuchechemea akatoka kwenye mvua. Mzee Ambilikile akala paja, akala firigisi, akaomba maombi marefu mpaka mchuzi ukaganda, akaaga suruali ikiwa kavu kabisa. Asubuhi nilipokwenda kuchukua kuni nikamkuta Karani chini ya kichanja cha kuanikia kahawa, amejikunja, amelowa upande mmoja, upande mwingine mkavu, na ule ugali umekauka kwenye manyoya. Mwiko ule sijaugusa tena. Nimewaambia umepasuka.

Nikalia, mshauri, nikalia kama mtu amefiwa, na mtu ukilia hivyo hapa kwa ajili ya mbwa ndipo utajua una ndugu. Wifi yangu Marita alikuja ameshika kiuno, akaniambia, "Wifi, tukuletee maharage ya matanga? Au tunyoe nywele kabisa, tujue moja?" Nikamwambia, "Anza wewe, wifi, zako ndizo zina kazi ya kunyolewa." Baba Lusubilo ndiye aliyemzika, kwenye mbuni wa mwisho kabisa wa kahawa yetu chini kule, akarudi na jembe akasema, "Mama Lusubilo, mbwa ni mbwa, nipe chakula." Sawa, mbwa ni mbwa. Lakini mpaka leo akila nyama anaweka mifupa pembeni ya sahani, halafu anakumbuka, anaichukua anaitupa nyuma ya nyumba kwa hasira kana kwamba mifupa ndiyo imemkosea.

Shida ni barua. Lusubilo kila barua yake, akishasalimu baba na mama na wadogo zake, anauliza, Karani hajambo? Barua ya kwanza baada ya msiba nilijibu nikaandika, Karani hajambo anakusalimu, mkono ukaandika wenyewe. Niliogopa. Mtoto yuko chini ya ardhi huko, anachimba kwenye giza, halafu mimi nimpelekee msiba, akiwaza ya huku kwangu jiwe likamwangukia huko kwake? Barua ya pili akauliza, bado anachechemea? Nikaandika, siku hizi hachechemei kabisa. Hilo si uongo, mshauri, aliyelala chini ya mbuni hachechemei.

Mwishoni mwa mwezi wa nne wifi Marita, sijui ni huruma au alichoka kunisengenya, akaja kutoka Isansa na tenga la kuku, ndani yake mbwa mdogo, rangi ya mahindi makavu, tumbo kama kibuyu. Akasema, "Haya wifi, nyamaza sasa, huyu hapa." Hapo ndipo nikapata wazo, na naomba unisikilize vizuri kwa maana hata leo naona halikuwa baya sana.

Katika ukoo wetu, upande wa mama yangu hasa, mtu akifa jina lake halipotei. Matanga yakiisha wazee hukaa, huchagua mrithi, humketisha kwenye kigoda cha marehemu, humpaka unga wa ulezi hapa kwenye paji la uso, humpa kitu cha marehemu avae, halafu watu humsalimu kwa jina la yule aliyekufa, na kuanzia hapo yeye ndiye. Mimi nina mpwa wangu wa miaka sita karithi jina la babu yangu, ninamwamkia shikamoo na yeye anaitikia bila aibu. Basi nikasema, kama mtoto wa miaka sita anaweza kuwa babu yangu, mbwa wa miezi miwili anashindwaje kuwa Karani? Nikamketisha kwenye gunia alilokuwa analalia marehemu, nikampaka ulezi, nikamvalisha ule mkanda wa mpira wa gari ambao Lusubilo alimkatia Karani, ukamzunguka shingo mara mbili na kipande kikabaki kinaburuta, nikamsalimu, "Karani, habari za siku nyingi?" Akaulamba ulezi wote akakojolea gunia. Nikachukua kwamba amekubali.

Barua ya tatu nikaandika kwa moyo mweupe, Karani hajambo, amechangamka sana siku hizi, amepungua mwili kidogo. Unaona? Siyo uongo.

Kumbe wifi alikuwa ananichungulia, na aliyoyaona wifi Marita ni kama yamepigwa kengele ya kanisa. Mzee Ambilikile akaja, safari hii amesimama mlangoni, akaniambia, "Mama Lusubilo, umempaka mbwa unga wa mila?" Nikasema, "Mzee, ni ulezi kidogo tu." Akasema, "Jina lako litafika kwenye baraza la wazee." Na mbwa mdogo wakati huo yuko kwenye kiatu chake anafungua kamba kwa meno. Nasubiri kuitwa.

Lakini hata baraza silihofu kama barua iliyokuja juzi. Lusubilo anarudi. Mwezi wa tisa, kabla ya mvua. Ameandika, "Mama, mmempa Karani dawa gani hata achangamke na uzee ule? Nimewaambia wenzangu hapa, wote wanataka kumwona. Nitashuka barabara kubwa palepale nilipopandia. Msije kunipokea, mwachilieni Karani tu. Nitapiga mluzi wangu, ataujua, atanileta nyumbani."

Mshauri, nimesoma maneno hayo mpaka karatasi imelegea.

Nimeanza kumfundisha huyu mdogo mluzi. Mimi mwanamke mzima, najificha kwenye mibuni napiga mluzi, nusu unatoka nusu ni mate. Baba Lusubilo akanikuta akaniuliza, "Umekuwa utingo wa lori, Mama Lusubilo?" Na huyu mbwa akisikia mluzi anakimbilia chini ya kihenge anatetemeka. Tena Karani alikuwa mweusi mwenye kifua cheupe, huyu ni wa manjano. Nimefikiria masizi ya chungu.

Na kuna jambo jingine naona aibu kuliko yote. Huyu mdogo nampenda. Juzi nilikuwa napukuchua mahindi akalala juu ya mguu wangu, palepale, hakuna aliyemwonyesha, akawa anakoroma kama mzee, nikacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Halafu macho yakaenda kwenye kichanja, nikanyamaza, nikautoa mguu, akagonga kichwa chini. Nikalia tena. Namfukuza, namrudisha, namwita Karani, halafu nashindwa kulimaliza jina.

Sasa naomba uniambie. Aliyerithiwa jina si yupo? Kwa mila yetu si sikudanganya? Na nifanye nini ili mwanangu akipiga mluzi, mbwa aje? Nijibu haraka, kahawa yenyewe inaiva na mimi sina mikono ya kuichuma, yote miwili nimejishika kichwa.

Mimi mama mwenye wasiwasi,
Mama Lusubilo


JIBU

Mama Lusubilo,

Pole. Hilo nalitanguliza na sifanyi mzaha, maana inaonekana Iyula nzima hakuna aliyekuambia. Mbwa aliyekulalia miguuni miaka minne anastahili machozi. Lia. Ukimaliza jifute, ukae vizuri, kwa sababu yanayofuata si ya kubembeleza.

Nakupongeza kwa akili. Nimesoma barua za waume wenye nyumba tatu na za makarani walioshindwa kueleza ghala lilikokwenda, sijaona aliyejitetea vizuri kama wewe. Hachechemei, kweli, amekufa. Amechangamka, kweli, ni mwingine. Amepungua mwili kidogo! Mama, amepungua mpaka anabebwa kwenye tenga la kuku. Kijana wako amekwenda migodini, hakupofuka. Anajua mweusi na manjano. Anajua pia kwamba mbwa hazeeki kwa kurudi nyuma, akiwa mzee wa jicho moja huku akiota meno ya mbele. Hayo masizi yaache kwenye chungu yalikozaliwa. Mvua moja tu na mwanao atakuwa amekumbatia mbwa wa mistari.

Umeniuliza habari za mila, nami nakujibu kwa mila hiyohiyo, kwa kuwa mama yangu naye ni wa upande huo na nilikuwepo babu yangu aliporithiwa. Umeniorodheshea kigoda, ulezi, vazi na salamu. Umeruka kitu kimoja, na ndicho cha kwanza. Kabla ya hayo yote, mtu hutumwa kwa ndugu walio mbali kuwaambia: amekufa, njooni. Na mrithi hakai kwenye kigoda mpaka mwenye msiba awe amefika. Sisi tulimsubiri mjomba wangu miezi mitano atoke Rodesia, kigoda kimefunikwa ungo, na hakuna aliyethubutu kukikalia, hata kuku alifukuzwa. Sasa mwenye msiba wa Karani ni nani? Ni wewe? Ni wifi Marita? Ni Lusubilo, Mama. Umemtafutia marehemu mrithi, mwenye msiba akiwa hajui kwamba amefiwa. Kwa hiyo huna mrithi hapo. Una mbwa mdogo aliyelamba unga.

Hapo Mzee Ambilikile asichekelee, maana najua gazeti hili humfikia na hulisoma kwa sauti. Mzee, shikamoo. Kama baraza lako linakosa la kujadili, jadilini hili: mnyama mzee alitolewa kwenye mvua ili suruali moja ya kaki isipate nywele. Firigisi ilikuwa tamu, natumaini. Ukimwita huyu mama, muulize kwanza kama amelala vizuri tangu mwezi wa tatu, ya ulezi yafuate.

Turudi kwako. Umeandika kurasa sita kuhusu barua, lakini mimi nimeona mwiko. Unasema unamficha mwanao kifo. Kifo cha mbwa mzee mwenye jicho moja hakihitaji kufichwa, Lusubilo mwenyewe amekitarajia, ndiyo maana anauliza kila barua. Unachoficha ni lile pigo. Basi nisikilize. Mwiko haujawahi kuua mbwa. Ungekuwa unaua, hakuna mume angebaki Mbozi. Karani ameuawa na miaka yake, na angekufa wiki ileile hata kama ungemfunika blanketi la misheni. Lakini ulimtoa kwenye mvua kwa kuogopa mgeni, hilo ni lako, na sitakupunguzia. Libebe kama watu wazima wanavyobeba mambo, hadharani, usimfungie shingoni mnyama wa miezi mitatu mkanda unaomzunguka mara mbili.

Fanya hivi. Mkanda uvue leo. Utundike kwenye msumari mahali utakapoonekana na kila anayeingia. Mwiko utoe ulikouficha, uuoshe, upike ugali. Halafu kaa uandike barua, wewe mwenyewe kwa herufi zako za kupanda mlima, usimwachie Baba Lusubilo, yule atakuandikia "mbwa ni mbwa" na kupiga muhuri. Mwambie mwanao: Karani alikufa mwezi wa tatu kwa uzee. Siku hiyo nilimpiga nikamtoa nje kwa sababu ya mgeni, na mvua ilikuwa inanyesha. Baba yako amemzika kwenye mbuni wa mwisho. Nilikudanganya mara tatu kwa kukuogopea. Hapo ndipo unaweka nukta. Usiongeze kwamba siku hizi hachechemei.

Unaogopa atawaza na jiwe limwangukie. Mama, kijana wa mgodini hawezi kuumizwa na habari ya kweli kuliko siku ile atakaposimama kwenye barabara kubwa, mzigo begani, wenzake wakimtazama kutoka kwenye lori, anapiga mluzi kwa mara ya tatu, na kinachotokea ni kitu cha manjano kilichopakwa masizi, kinakimbilia chini ya daraja.

Ili Lusubilo asije akajua kwa kusoma kipande cha gazeti alichofungiwa karanga, maana tunafika mpaka huko Kopabeti, nimelitanguliza jibu hili kwako kwa posta na barua yako nimeikalia wiki sita kabla ya kuichapa. Ukiona hapa imetoka, ujue nimekuamini kwamba barua yako kwake imeshafika. Usinifanye nijute.

Na Baba Lusubilo, nyumba yenu ina wafiwa wawili, mmoja analia na mwingine anatupa mifupa. Chakula cha jioni kinatosha kuwa mahali pa kusema, "Mimi pia namkumbuka." Hakuna atakayekucheka isipokuwa dada yako, naye ndiye aliyeleta mbwa kwenye tenga, kwa hiyo amekwisha poteza haki hiyo.

Mbwa mdogo, sasa. Huyo hajakukosea. Alipolala juu ya mguu wako hakuwa anachukua nafasi ya mtu, alikuwa anasikia baridi. Mwache alale. Ukicheka, cheka mpaka mwisho, usimtolee mguu akagonga kichwa kwa kosa la kukufurahisha. Jina lisilo lake umwondolee. Mwite "wewe wewe" mpaka Septemba, mbwa wengi wameishi vizuri kwa jina hilo. Mwanao akifika, mpelekeni kwanza kwenye mbuni wa mwisho, alie kama anataka kulia, halafu mwonyesheni mkanda kwenye msumari na mwonyesheni mdogo. Kama atamvalisha, sawa, mkanda utakuwa umepata mwenyewe kwa njia yake. Kama atasema uachwe hapo, uacheni. Yeye ndiye mwenye msiba, yeye ndiye mwenye kigoda.

Na mafunzo ya mluzi ukome, kahawa yako ina matatizo ya kutosha. Siku hiyo ya Septemba chukua huyo mdogo kwenye kamba ya kawaida, nenda mapema barabara kubwa, hata kama amesema msije. Hakuandika "msije" kwa sababu hataki kuwaona. Aliandika kwa sababu alidhani yupo mmoja ambaye hahitaji kuambiwa, atasikia tu na atakuja mbio. Huyo hayupo tena. Kwa hiyo Lusubilo akishuka kwenye lori akapiga mluzi wake, usimsukume mbwa mbele.

Kimbia wewe.